Tanga la Mkono: Anayeanza Asinunue Chombo cha Bingwa

Nina neno na vijana wetu wa pwani wanaotaka kununua chombo kile kipya cha upepo, kile ambacho mpandaji hushika tanga kwa mikono yake miwili, na ubao aliosimama juu yake ukainuka ukaenda hewani kama ndege aliyeghafilika akasahau kutua. Neno lenyewe ni fupi, ingawa maelezo yake ni marefu kidogo. Ukiwa unaanza, usinunue chombo cha bingwa. Nunua kikubwa, kizito, kisichopendeza macho, na ikiwezekana kilichokwisha tumiwa na mwenzio. Kijana atakayeona haya kupanda ubao mpana kama mlango, na ajue kwamba haya hiyo itamgharimu fedha nyingi na mwisho itamrejesha pwani miguu mitupu.

Najua kuna watakaouliza, mtunzi wa mashairi na mambo haya wapi na wapi? Nitawajibu kwamba mimi ni mtoto wa watu wa vyombo, na nimekaa miaka mingi nikiitazama bahari hii na watu wake. Chombo hicho nimekipanda mara chache, nikiwa nimepiga magoti zaidi ya kusimama. Lakini nimekaa na wanaofundisha, nimewauliza, nimevishika vyombo vyao kimoja kimoja, na nimeona vijana wetu wakiuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Kwanza tuelewane juu ya majina, kwani msomaji ambaye hajakiona chombo hiki atapotea njiani. Wageni wanauita mchezo huu wingifoili. Mimi naona tanga lenyewe liitwe tanga la mkono, maana halifungwi popote: halina mlingoti, halina foromali, halina hata kamba inayoliunga na ubao. Ni kitambaa kilichoshonewa mrija mkubwa wa mbele unaojazwa upepo kwa pampu mpaka ukakaza kama mpira wa gari, na katikati una mrija wa pili wenye vishikio. Cha pili ni ubao. Cha tatu ndicho foili, na hicho ndicho chenye maajabu yote. Chini ya ubao hushuka mlingoti. Ndiyo, mlingoti, lakini huu umeelekezwa chini. Wa baba zetu ulitazama mbingu, huu unatazama matumbawe. Mwisho wa mlingoti huo kuna kigogo kilicholala, mbele yake pezi kubwa na nyuma yake pezi dogo. Chombo kikishika mwendo, mapezi hayo huinua ubao na mtu wake, na juu ya maji pakabaki mlingoti tu ukikata kama kisu.

Wako wazee wenzangu wanaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu na kwamba kijana wa Kiislamu wa pwani hana haja nayo. Kwa heshima zote, sikubali. Ni kweli kwamba waliokiunda ni wageni. Mwitaliano Enrico Forlanini alipaisha mashua yenye mapezi katika Ziwa Maggiore mwaka 1906, na mwaka 1919 Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, pamoja na wenziwe waliendesha chombo cha namna hiyo kule Nova Scotia, Kanada, kwa mwendo uliopita kilomita 110 kwa saa. Ubao wenye tanga ulisajiliwa na Wamarekani mwishoni mwa miaka ya 1960, nao ukaingia Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles. Mwaka 2013 mashua kubwa za mashindano ya America's Cup zilipaa juu ya mapezi mbele ya mji wa San Francisco, na dunia nzima ikaona. Matanga ya mkono kama haya tunayoyaona leo yalianza kuuzwa madukani mwaka 2019. Basi ni kitu cha juzi, na hata huko kilikotoka bado watu wanajifunza.

Lakini upepo ni wa nani? Kaskazi na kusi hazikuletwa na ndege ya watalii. Mtepe wa tanga la mkeka ulikwenda kwa upepo huo huo, na jahazi likaja baada yake, na hadi leo ngalawa za wavuvi zatoka nao kila siku. Na jambo moja limenichekesha. Mwalimu mmoja kijana alikuwa akimfundisha mgeni maneno ya Kizungu ya upande utokako upepo na upande uendako, na jinsi ya kugeuza chombo kwa pembe mpaka kikarudi kule kulikotoka upepo. Nikamwuliza kama hajui kwamba nyanya yake angeyasema yote hayo kwa maneno matatu: joshi, demani, bisha. Hakujua. Mtoto wa nahodha ameukopa kwa mgeni ujuzi aliouacha nyumbani kwao.

Sasa tuje kwenye kununua.

Kitu cha kwanza ni ubao, na ubao haupimwi kwa urefu wala kwa rangi. Hupimwa kwa lita, yaani ujazo wake. Hesabu yake si ngumu. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo moja na kidogo, kwa hiyo ubao wa lita 100 waweza kubeba kadiri ya kilo 102 kabla haujazama wote. Anayeanza atapiga magoti juu yake, atayumba, ataanguka, atapanda tena, na kazi hiyo yote hufanyika kabla chombo hakijapata mwendo. Kwa hiyo ni lazima ubao umbebe yeye na mizigo yake, na bado ubakiwe na nguvu ya kuelea. Walimu wengi husema: chukua uzito wako kwa kilo, ongeza 30 au 40, jumla yake ndiyo lita za ubao wako wa kwanza. Na upana wake uwe sentimita 70 na zaidi.

Mtoto wa ndugu yangu alinijia siku moja uso umemchangamka.

"Ami, nimepata ubao. Lita 65, mzuri ajabu, mwenyewe anarudi kwao Ulaya wiki ijayo na anauza nusu ya bei."

"Wewe una kilo ngapi?"

"Sabini na mbili."

"Basi ni nani atakayembeba mwenziwe, wewe au ubao?"

Akacheka, lakini nikamketisha kibarazani tukafanya hesabu. Kilo zake 72, ubao wenyewe kilo 6, foili kilo 4, tanga na nguo zilizorowa kilo 3. Jumla 85. Ubao wa lita 65 hauwezi kubeba hata kilo 70. Akisimama juu yake utazama mpaka maji yamfike magotini, naye ni lazima auondoe huko chini kwa nguvu ya tanga peke yake, jambo ambalo mabingwa hulifanya kwa ustadi wa miaka, na ambalo mwanafunzi hawezi kulifanya hata siku moja. Yule mgeni hakumdanganya. Ubao ulikuwa mzuri kweli. Ulikuwa mzuri kwa mtu mwingine. Mwisho tukampatia wa lita 110 ulioparuzwaparuzwa, wa kuonea haya, uliompa ziada ya zaidi ya kilo 20 za kuelea baada ya kubeba kila kitu. Kabla kusi halijakwisha alikuwa amesimama.

Hapa ndipo penye shina la madhara. Vyombo vinavyouzwa kwa bei nafuu pwani yetu aghalabu ni vya wageni waliokwisha kuhitimu, nao wanauza walivyo navyo: mbao ndogo na mapezi membamba. Kijana wetu haoni vingine, na bei humtia tamaa. Akinunua, huanguka mwezi mzima, hujiona hafai, kisha hukitia chombo uvunguni mwa kitanda. Fedha zimekwenda, na moyo umekwenda pamoja nazo.

Kuna mbao za kujaza upepo na kuna mbao ngumu. Za upepo zakunjika zikaingia katika gunia la mgongoni, mtu akapanda nazo matatu au boti ya kuvuka Lamu kwenda Manda bila kugombana na utingo. Tena hazimvunji mtu meno akiangukia juu yake. Upungufu wake ni kwamba hupindapinda kidogo, na nguvu ya mguu haifiki kwenye foili sawasawa. Kwa anayeanza si neno. Ukinunua ngumu iliyotumika, ipindue kwanza utazame pale mlingoti unapofungwa, kwenye zile reli mbili. Mzigo wote wa chombo huvutana hapo. Ukiona ufa kama unywele, au rangi imepakwa upya mahali hapo peke yake, mrudishie mwenyewe ubao wake na umwombee safari njema.

Sasa foili. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 na zaidi, ndiyo sababu pezi dogo tu laweza kumwinua mtu mzima ambaye bawa la hewani la kumwinua lingekuwa kubwa kama paa la banda. Nguvu hiyo ya kuinua hukua haraka: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Maana yake ni kwamba mwenye mwendo mkubwa atosheka na pezi dogo, na mwenye mwendo mdogo ni lazima awe na pezi kubwa. Na mwanafunzi, bila shaka, ndiye mwenye mwendo mdogo. Pezi likiongezwa ukubwa mara mbili, mwendo unaohitajika ili chombo kiinuke hupungua kwa karibu theluthi nzima.

Kwa mtu wa kilo 70 au 80, pezi la mbele la kuanzia liwe na eneo la sentimita za mraba 1,700 hadi 2,200 hivi. Ili msomaji apate picha, sentimita za mraba 2,000 ni karibu sawa na sinia la pilau lenye kipenyo cha sentimita 50. Mapezi ya mabingwa huwa nusu ya hapo au chini yake, sahani ya mtu mmoja. Tazama na umbo lake. Pezi nene lenye mviringo huinuka mapema, husamehe, na likiisha nguvu hushuka taratibu. Pezi refu jembamba huteleza mbali sana, lakini huudhika upesi. Mwendo ukipungua kidogo tu laangusha chombo ghafula. Jembamba ndilo linalopendeza kwenye picha, na ndilo vijana wanalolitaka. Mwenye nia ya kujifunza na anunue sinia.

Urefu wa mlingoti ni jambo ambalo vitabu vya wageni haviwezi kutuamulia, maana wao hawakai ndani ya mwamba kama sisi. Karibu pwani yetu yote, toka Diani hadi Watamu, ina mwamba unaovunja mawimbi nje, na ndani yake maji matulivu. Mahali pazuri mno kwa mwanafunzi, lakini si wakati wote. Mlingoti wa sentimita 75, pamoja na mapezi yake, wahitaji maji ya kifuani ndipo mtu awe na amani. Nashauri usipite 80, wala usishuke chini ya 65, kwani mfupi mno hutoa pezi nje ya maji kila ukiyumba, na chombo kikaanguka.

Na hapa elimu ya wazee ina faida kuliko simu ya mkononi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku chache zifuatazo. Maji mafu huja kati yake, mwezi saba au nane na mwezi ishirini na mbili hivi. Mwenye kufuata kalenda ya Kiislamu hana haja ya kuuliza. Wakati wa bamvua Mombasa, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hujaa kadiri ya saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na kupwa kadiri ya saa nne asubuhi. Basi asubuhi ya bamvua ndani ya mwamba ni mahali pa kuokota pweza, si pa kupeleka foili. Lakini mtu akishasali alasiri akashuka pwani, atakuta maji yamejaa na upepo umeiva. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa nne asubuhi, ingawa hayajai kwa wingi wala hayapwi sana, na mtu aweza kucheza sehemu kubwa ya siku. Nimeona mgeni mwenye chombo cha thamani akikwama juu ya majani ya bahari saa nne asubuhi ya mwezi mpevu, na kitoto cha kizee mvuvi kimesimama kando kikimwonea huruma.

Mlingoti ni wa alumini au wa kaboni. Kaboni ni nyepesi na ngumu, na bei yake yaweza kumwuza ng'ombe. Alumini ni nzito kidogo na bei yake yastahimilika. Mwanafunzi hatajua tofauti yake kwa mwaka mzima. Ila alumini ina adui wake, naye ni chumvi. Skurubu za chuma kingine zikikaa ndani ya alumini iliyolowa maji ya bahari, vyuma hivyo hulana vikagandana, na hutavifungua tena ila kwa kuvunja. Kila ukimaliza, fungua foili yote, ioshe kwa maji baridi ya kisima au ya bomba, ikaushe, na skurubu zipake girisi. Wavivu wa jambo hili ninawajua, nao wamekwisha kununua foili mbili.

Tena kuna mtego mwingine. Pezi la kampuni moja halikubali kigogo cha kampuni nyingine, na mara nyingine hata cha kampuni ile ile cha mwaka uliopita. Zile skurubu nne zinazofunga mlingoti kwenye ubao zimekuwa za kawaida kwa makampuni mengi, lakini kutoka hapo kushuka chini kila mmoja ana ufunguo wake. Kwa hiyo usinunue pezi kwa huyu na mlingoti kwa yule ukitumaini kwamba fundi atakuunganishia. Nunua foili nzima ya mwundaji mmoja, na kabla ya kutoa fedha uliza kama kuna mtu yeyote Diani au Watamu mwenye foili kama hiyo. Akiwapo, siku ya kupoteza skurubu utakuwa na pa kukimbilia.

Juu ya tanga sitasema mengi, maana hapa watu hawakosei sana. Mtu wa kilo 75 kwa upepo wa noti 15 hadi 20 atosheka na tanga la mita za mraba 5. Noti moja ni kadiri ya kilomita 1.85 kwa saa. Upepo ukiwa hafifu huhitaji mita 6, ukiwa mkali mita 4, na mtu mwepesi apunguze. Nahodha hakuwa na tanga moja, lakini mwanafunzi na awe nalo moja tu kwanza, hilo la 5, na asitoke siku ambayo haliufai upepo. Tanga la 6 kwa mtu mfupi ni balaa. Ncha zake hugusa maji kila akiinamisha. Likiwa lililotumika, lijaze upepo jioni uliache mpaka asubuhi. Likilala lenyewe kabla hujaamka, lina tundu, au gundi ya vizibo imelegea kwa joto, ugonjwa ambao jua letu linaupenda sana. Kitambaa kilicholainika kama kanga kuukuu kimeshakula jua lake. Hakitashika upepo vizuri.

Kofia ngumu na jaketi la kuelea si pambo. Pezi la foili ni kisu, na anayeanguka huangukia pale pale lilipo. Kamba mbili ni lazima, moja ya ubao na moja ya tanga, kwa sababu ubao ukikuponyoka wewe ndiwe utakayeogelea, na tanga likikuponyoka litafika Mambrui kabla yako. Viatu vyepesi vya maji pia, kwa ajili ya wale wenye miiba myeusi waliojaa miambani. Na usitoke alfajiri na upepo ule wa bara, ambao wazee huuita umande. Kaskazi na kusi hukurudisha pwani au hukupitisha kandokando yake, lakini umande hukupeleka nje, kisha hukuacha huko ukikata jua linapopanda.

Wako wanaosema kwamba mchezo huu haufai kwa mabinti kwa ajili ya mavazi. Wanaosema hivyo hawajafika pwani wakatazama. Wapandaji wa jua letu, wake kwa waume, huvaa mikono mirefu na suruali ndefu mpaka kifundoni, kwani asiyevaa huchunika ngozi. Binti aweza kuvaa vazi lake refu la kuogelea, na ushungi wa kitambaa kile kile ndani ya kofia, akawa amejisitiri kuliko mvulana aliyeshuka na kaptula. Tena wepesi wake ni faida. Binti wa kilo 55 huinuka kwa tanga la mita 4 pale ambapo kaka yake wa kilo 80 bado anapiga makasia kwa mikono.

Narudi kwenye fedha. Seti mpya kamili hupita dola 2,000 kwa wepesi, yaani zaidi ya shilingi 250,000 kwa kiwango cha mwaka 2025. Ya kaboni hupita mara mbili ya hapo. Hizo ni fedha za kununua mashine ya boti. Simwambii kijana mvuvi au mwendesha bodaboda azitoe peke yake. Namwambia afanye kama mama zetu wanavyofanya katika vyama vyao: watu watano wachange, wanunue ubao mmoja wa lita 120, foili moja ya sinia, na matanga mawili, la 4 na la 5. Mwanafunzi hachezi zaidi ya saa moja bila kuchoka mikono, kwa hiyo chombo kimoja chawatosha watano katika alasiri mbili. Atakayehitimu kwanza anunue ubao mdogo wake mwenyewe, na ule mkubwa ubaki na chama kwa wanaokuja nyuma. Kila anayeanza huuhitaji kwa msimu mmoja tu, na hakuna sababu kila mmoja aununue.

Na kabla ya kuchanga hata shilingi, watumie siku kadhaa wakikodi au wakifundishwa katika vituo vilivyoko. Walishike tanga nchi kavu mpaka wajue linavyovuta. Kisha walipande juu ya ubao wowote mpana usio na foili, hata ule wa kupigia kasia, mradi uwe na pezi la katikati la kuuzuia usichukuliwe demani. Anayeweza kwenda na kurudi mahali pale pale kwa ubao huo ndiye aliye tayari kwa foili. Asiyeweza atarudi kwa miguu kila mara akibeba chombo mchangani, na mchanga wa saa nane hauna huruma.

Jambo hili nimelishikilia kwa sababu moja. Vituo hivi vya michezo ya upepo vinahitaji walimu, na mwalimu hulipwa vizuri. Nimetembea pwani kadhaa nikaona mara nyingi mwalimu ametoka mbali, na kijana wetu ndiye anayejaza tanga kwa pampu, ndiye anayebeba ubao, ndiye anayesimama majini akingoja mgeni aanguke amshike. Kijana huyo anajua maji yatajaa lini na upepo utageuka lini kuliko mwalimu. Kinachomkosesha kazi ile ni miezi ya kujifunza juu ya chombo kinachomfaa, na cheti kinachofuata. Akianza na ubao wa lita 65 kwa sababu ni wa bei nafuu, atabaki na pampu yake mkononi mpaka uzee. Wenye mahoteli nao wangefanya jambo la maana kama kila msimu wangewauzia vijana wanaowafanyia kazi zile mbao zao kubwa za kufundishia zilizochakaa, kwa bei ya haki, badala ya kuziacha zipasuke juani nyuma ya stoo. Chombo kibovu kwa mgeni aliyelipa ni kizuri kwa kijana atakayekiziba mwenyewe kwa gundi na kitambaa cha fiba, kazi ambayo mafundi wetu wa boti wanaijua.

Limebaki suala la majina, na hili nawarushia wasomaji. Tanga la mkono, mlingoti, pezi la mbele na pezi la nyuma, nadhani hayo yatakaa. Kile kiungo kilicholala chini, kinachoshika mapezi mawili, nimekiita kigogo kwa kukosa neno, na silipendi. Vijana wanakiita fyuselaji. Fundi mmoja wa majahazi aliniambia kiitwe mkuku, lakini mkuku hubeba chombo kizima, na hiki hakibebi ila mapezi. Tena pale ubao unapoachana na maji, vijana husema "nimetoka". Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akitazama alisema "amechopoka". Mwenye neno lililo bora kuliko haya, hasa watu wa Lamu, Siu na Vanga, na atuandikie.